Waya wa Dirisha la Jikoni

Gari lilikuwa limebakiwa na vijiti vitano.

Hivyo ndivyo Bobini alivyolieleza kwa watu wasiojua magari ya umeme. Pembeni mwa kipimo cha chaji, alisema, kuna vijiti kumi na viwili vya mwanga, vimesimama kama meno ya kitana, na havikuambii umebakiwa na umeme kiasi gani. Vinakuambia betri yenyewe imebakiwa na umri kiasi gani. Unaweza kuchaji mpaka kioo kikasema mia kwa mia, lakini mia ya betri kuukuu si mia ya betri mpya. Ni debe lililobonyea: limejaa pomoni, na bado maji ni kidogo. Alipolinunua gari hilo kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama mji, lilikuwa na vijiti tisa. Sasa vitano, na hicho cha tano kilikuwa kikizimika na kuwaka, kikizimika na kuwaka, kama mtu anayesinzia mkutanoni na hataki kuonekana.

Bobini halikuwa jina lake, ila hakukuwa na karakana ya nguo mjini iliyomjua kwa jina jingine. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitengeneza cherehani: za mafundi wa vibarazani, za shule za ushonaji, na zile kubwa za viwanda vya sare, ambazo kutwa nzima hushona mshono ule ule mmoja kama mtu mwenye neno moja tu la kusema. Mikono yake haikutoka harufu ya mafuta ya mashine hata siku ya harusi ya binti yake. Wanawake wa viwandani ndio waliompachika jina hilo. Huyu, walisema, ni kile kigurudumu cha uzi cha ndani ya cherehani: anazunguka, anazunguka, na kila akizunguka anazidi kukonda.

Kwa mizunguko hiyo ya mjini vijiti vitano vilitosha na kusaza. Shida ilikuwa Jumapili.

Mama yake aliishi kilomita sabini na nane kutoka mjini, njia ya kupanda mlima, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo marehemu baba aliijenga kwa haraka ya mtu anayekaribia kustaafu. Kila Jumapili Bobini alikwenda kumwona. Alipanda taratibu, madirisha wazi, kipoza hewa kimezimwa, huku malori ya mchanga yakimpita na madereva wakimpigia honi ya huruma. Alifika akiwa na asilimia tano, siku nyingine tatu. Halafu ilibidi gari lilishwe kabla halijaweza kurudi.

Soketi iliyoweza kazi hiyo ilikuwa moja tu, ya jikoni, karibu na beseni la vyombo. Basi Bobini aliegesha gari nyuma ya nyumba, akatoa waya kwenye buti, akaupitisha dirishani. Nyaya za nyumba zilikuwa za zamani na umeme ulipaswa kuingia kidogo kidogo. Gari likiwa linakula, hakuna pasi, hakuna birika la umeme. Siku moja mlezi wa mama, mwanamke mnene mcheshi kutoka nyumba ya tatu, alisahau akawasha pasi. Nyumba nzima ikazimika, ikabidi apande juu ya kigoda kubadilisha fyuzi huku akiapa kwamba hatapanda tena hata akiahidiwa kuolewa.

Mwaka wa kwanza gari lilikula saa tatu. Baadaye nne, baadaye tano. Sasa saa saba kamili. Na kadiri saa zilivyozidi kurefuka, ndivyo mama alivyozidi kumsahau.

Gari lilikuwa na vijiti saba alipomwita kwa mara ya kwanza kwa jina la mjomba. Bobini alikumbuka, maana alikuwa mtu wa kuhesabu, na kuhesabu ndiko kulikokuwa kumebaki mikononi mwake. Lilipobakiwa na sita, alikuwa si mjomba tena. Alikuwa fundi wa umeme.

"Umefika, fundi," mama alisema kila Jumapili aliposikia waya ukikwaruza kingo ya dirisha.

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Upitishe, lakini usiniangushie sufuria."

Kisha alivuta kigoda chake hadi dirishani, akaketi, akauweka waya juu ya mapaja. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Baada ya muda waya ulianza kupata joto, joto dogo kama la shingo ya mtoto aliyelala, na mama aliufunika kwa viganja vyote viwili.

"Unakula," alisema.

"Unakula, mama."

"Unakula polepole kama marehemu mume wangu. Alikuwa anaweza kutafuna kipande cha mkate mpaka adhuhuri."

Mlezi alicheka mpaka akashika meza. Bobini naye alicheka. Zilikuwa saa nzuri, na hilo ndilo lililomchanganya. Walimenya machungwa. Walisikiliza redio. Mama alimsimulia habari za watu waliokwisha kufa kana kwamba wametoka kununua kiberiti. Na halafu, mara nyingi saa ya tatu au ya nne, alimsimulia habari za mwanawe.

"Mimi nina mtoto wa kiume, fundi. Mtu wa cherehani. Mkono wake haukosei."

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Haji."

"Haji kabisa?"

"Akija hakai. Anasimama mlangoni, funguo mkononi, anazichezesha. Chali, chali, chali. Chai ikianza kuchemka keshaondoka. Mimi sijamzaa mtu, nimezaa dereva wa teksi."

Mlezi, anayejua yote, aliinamia sinki. Bobini alitazama mikono yake. Ilikuwa kweli. Siku zile za gari la petroli ndivyo alivyokuwa: alipanda mlima kwa saa moja na nusu, akasimama mlangoni, akauliza kama dawa zipo, akachezesha funguo, akashuka. Hakuwahi kukaa saa saba na mama yake tangu alipoachishwa ziwa. Kilichomkalisha kilikuwa betri mbovu.

Jumapili moja alishindwa kuvumilia. Akapiga magoti mbele ya kigoda, akasema, "Mama, huyo mwanao ni mimi."

Mama alimtazama kwa makini, kwa adabu, kama mtu anayetafuta namna ya kumkatalia mgeni bila kumuumiza.

"Hapana, baba," akasema. "Wewe una subira."

*

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kijiti cha mwisho kizimike, kama mama asingeanguka.

Alianguka siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye kizingiti cha jikoni. Mlezi alikuwa ametoka kidogo kuchukua maji. Aliporudi alimkuta sakafuni, macho wazi, mkono wa kushoto umekunjwa vibaya. Alipiga simu. Bobini alikuwa chini ya mashine ya kiwanda cha sare, tochi mdomoni, akitafuta nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli. Alitoka mbio hadi kwenye gari, akaliwasha. Asilimia arobaini. Arobaini ya debe lililobonyea. Hata nusu ya njia lisingefika, na kulichaji kungechukua saa kadhaa. Alikaa pale, mikono kwenye usukani, gari limewaka bila kutoa sauti, lisilo na faida yoyote duniani. Mwishowe aliomba lifti kwenye gari la kusambaza nyuzi, lililosimama kila duka. Alifika jua likishuka. Majirani walikuwa wamekwisha kumpeleka mama zahanati na kumrudisha, mkono umefungwa ubao na bendeji.

"Fundi," mama alimwambia kwa huzuni, "leo hukuja na waya."

Kesho yake dada yake alipiga simu. Ndugu wote walimwita Matroni, kwa kuwa alikuwa amesimamia wodi kwa miaka ishirini, na hata sasa, akiwa amestaafu na kuishi kwa mwanawe ng'ambo, alizungumza na watu kana kwamba ni wagonjwa waliopanda vitanda vyake na viatu miguuni.

"Unabadilisha betri," alisema. "Nusu naitoa mimi. Usinijibu. Nenda tu."

Bobini akaenda.

Karakana ya betri ilikuwa ya binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, aliyeanza kwa kutengeneza simu kwenye meza ya chini ya ngazi, na sasa alikuwa na jengo zima la mabati, kreni ndogo ya mkono, na glavu za mpira wa rangi ya chungwa zilizomfika kwenye viwiko. Alilala chini ya gari, akatoka, akachomeka kifaa chenye kioo karibu na kanyagio la breki, akasoma tarakimu huku akitafuna kalamu.

"Mzee wangu, hii betri umeifanyia nini?"

"Nimeipandisha mlima."

"Pole yake. Kuna seli hapa zimechoka kabisa. Naweza kukubadilishia hizo tu, lakini mwezi ujao zitakufa za jirani, utarudi kunitukana. Bora tuweke nyingine nzima." Akamwongoza hadi kwenye ukuta wa nyuma ambako masanduku matatu ya chuma, bapa kama magodoro, yaliegemezwa juu ya mbao. "Zipo za aina tatu. Uniti unazijua?"

"Hizi hizi za luku nyumbani?"

"Hizo hizo. Hii ya kwanza inabeba uniti ishirini na nne. Ndiyo saizi ya gari lako lilipokuwa changa. Inaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Hii ya pili thelathini, hiyo siipendi, nakwambia kwa sababu una uso wa baba yangu. Ya tatu hii, arobaini. Nzito. Itabidi nikubadilishie springi za nyuma. Na itabidi niweke mkalimani."

"Mkalimani?"

Binti alitoa mfukoni kisanduku cheusi kisichozidi kiberiti. "Gari lako ni la zamani. Ubongo wake umezoea betri ileile. Ukiliwekea kubwa, linaitazama, linasema huyu simjui, linakataa kuwaka. Si kwamba betri mbovu. Ni nzuri kuliko ya mwanzo! Lakini halitaki. Basi hiki kinakaa katikati, kila gari likiuliza 'wewe nani?' hiki kinajibu, 'ni yule yule, usiwe na wasiwasi.'"

"Na linakubali?"

"Linakubali. Magari hayana makuu."

Bobini alikishika kisanduku kile kwenye kiganja. Kilikuwa chepesi mno kwa kazi kiliyopewa.

"Nijibu maswali matatu tu, nitakwambia ipi," binti akaendelea. "Kwa siku unatembea kilomita ngapi?"

"Hazifiki thelathini."

"Ishirini na nne inakutosha na chenji juu. Mbali kabisa unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Sabini na nane. Mlima."

"Ukiwa na ishirini na nne, unafika bila wasiwasi. Ila kurudi uchaji kidogo. Saa mbili hivi."

"Saa mbili tu?"

Binti aliitoa kalamu mdomoni. "Wateja wote hunililia niwapunguzie saa. Wewe wa kwanza kutaka nyongeza."

"Na ya arobaini?"

"Ya arobaini unakwenda, unarudi, unapitia sokoni, na bado inabaki. Huchomeki popote. Waya unaweza kumpa jirani aanikie nguo. Haya, la tatu: unataka kukaa na gari hili miaka mingapi? Maana ishirini na nne nitakuhakikishia mitano. Arobaini, kumi."

Bobini alikigeuza kisanduku cheusi kiganjani.

"Mzee? Miaka mingapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Aliyatazama masanduku yale. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia kupitia matundu ya misumari kwenye bati na kutupa vijidoa vya mwanga juu ya chuma. Mama yake alikuwa na miaka themanini na sita. Mitano, au kumi. Alijua kuna hesabu ambayo mtoto haifanyi juu ya mzazi wake, na hapa palikuwa na binti mwema, kalamu mkononi, akiingojea aiandike kwenye fomu.

Simu iliita. Matroni alikuwa kama aliyesimama mlangoni akisikiliza.

"Umefika? Niweke nimsikie fundi."

"Ni binti."

"Vizuri zaidi. Niweke."

Bobini akaiweka simu juu ya sanduku la arobaini, kwa sauti ya wazi.

"Binti yangu," Matroni alisema, "huyo ni mdogo wangu, tangu utoto hawezi kuchagua hata soksi. Ipi ya kwenda na kurudi bila kusimama?"

"Arobaini, mama."

"Mwekee hiyo."

"Dada," Bobini alisema, "ngoja kwanza. Hii ndogo nayo inafika."

"Inafika halafu?"

"Halafu nachaji. Nakaa naye."

Neno hilo lilivuka bahari, likarudi limechelewa.

"Kukaa," Matroni akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama amelala sakafuni robo saa peke yake, wewe uko mjini na gari lisilotembea. Mimi niko huku, siwezi kitu, nikisikia simu moyo unanitoka. Wewe ndiye uliye karibu. Halafu unaniambia kukaa. Kwani ukiwa na betri kubwa umekatazwa kukaa? Nani amekufunga kamba?"

Hapo ndipo palipomshinda. Maana dada yake alisema kweli tupu. Hakuna aliyemfunga. Mtu mwenye uniti arobaini anaweza kukaa saa saba, anaweza kukaa wiki. Lakini Bobini alijijua. Alijua hana budi kufungwa. Ukimwachia mlango wazi atasimama hapo hapo mlangoni, kwa nia njema kabisa, akichezesha funguo. Kitu hicho huwezi kukisema kwenye simu, mbele ya binti wa watu mwenye glavu.

"Weka ya arobaini," akasema.

"Umefanya la maana," binti akamwambia, akiandika. Hakuwa ameandika jibu la swali la tatu. Alipiga mstari tu.

*

Kazi ilichukua siku tatu. Alipolichukua gari, vijiti vyote kumi na viwili vilikuwa vimesimama. Hakuwa amewahi kuviona vyote. Alizunguka mtaa mara mbili, nyuma pakiwa pamenyanyuka kidogo kwa springi mpya, kama kuku aliyekasirika. Mke wake alitoka kibarazani akapiga makofi.

"Sasa utanipeleka hata mimi mahali," alisema. "Miaka yote naambiwa chaji haitoshi."

Jumapili aliondoka saa tatu. Alifunga madirisha, akawasha kipoza hewa. Aliyapita malori ya mchanga moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyepiga honi. Njiani alipigiwa simu na msimamizi wa kiwanda cha sare: mashine tatu zimesimama, kuna oda ya shule, anaweza kupita jioni? Bobini alitazama kioo. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulikwisha kusema: "Saa tisa nitakuwa hapo."

Alipofika kwa mama, gari lilikuwa na asilimia sitini na moja.

Hakuegesha nyuma ya nyumba. Hapakuwa na sababu. Aliegesha mbele, barabarani, akatembea hadi mlango wa sebuleni, mlango ambao hakuutumia kwa miaka minne. Alikuwa na mfuko wa machungwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, akitazama ukuta. Bobini alisimama mlangoni. Na mkono wake wa kulia, bila kumuuliza, ukaanza.

Chali, chali, chali.

Mama aligeuka.

Alimtazama usoni, akatazama funguo, akamtazama tena usoni. Kisha akamwita. Alimwita kwa jina la utotoni, lile la nyumbani, la kuitiwa chakula, ambalo Bobini hakulisikia tangu gari lilipokuwa na vijiti saba.

"Mwanangu," akasema. "Leo umekuja."

Mfuko wa machungwa ulimponyoka. Alivuka chumba, akapiga magoti, akaushika mkono mzima. Mlezi alichungulia kutoka jikoni, akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Nimekuja, mama."

"Umekonda. Huyo mkeo anakupa chakula au anakuonyesha?"

"Ananipa, mama."

"Na mkono wangu umeuona? Nimeanguka. Nilikwambia umjulishe mwanangu," alimgeukia mlezi, "na wewe ukamjulisha. Umefanya vizuri. Usimchemshie chai."

"Kwa nini, bibi?"

"Hatainywa. Anaondoka."

"Siondoki," Bobini alisema. "Leo nakaa mpaka jioni."

"Ndiyo," mama alisema kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto anayeahidi kununua ndege. "Haya, nikusindikize."

Na akaanza kuinuka. Bobini alimshika mabega, akamrudisha kitini. Aliweka funguo mezani ili azione. Alivua viatu. Alimpigia simu msimamizi wa kiwanda hapo hapo, kwa sauti kubwa, akamwambia haji, haji leo, haji kabisa, atafute mtu mwingine. Aliketi sakafuni, miguu mbele. Alifanya kila anachofanya mtu anayekaa. Lakini mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, mkono mzima kwenye egemeo, vile tunavyokaa mgeni anapotazama saa yake. Macho yake yalikuwa kwenye funguo. Kila dakika chache aliinuka.

"Usichelewe njiani," alisema. "Mlima una ukungu."

"Mama, sina haraka."

"Twende, nikufikishe hapo kwenye gari."

Mara ya tano alijikwaa kwenye mkeka, akautonesha mkono uliovunjika, akatoa sauti ndogo ya maumivu. Bobini alimdaka. Mapigo ya moyo wa mama yalikuwa yakienda mbio kama ya ndege aliyeshikwa. Hatapumzika, alifikiri. Nikiwa hapa kama mimi, hatapumzika. Atanisindikiza mpaka aanguke tena.

Katika nyumba ile palikuwa na alama moja tu ya mtu asiyeondoka. Ilimjia hivyo, kwa haraka, na alifurahi mno kuipata hata hakuifikiria mara mbili. Atamwonyesha waya. Akiuona waya atajua kwamba mwanawe leo anakaa.

Alitoka nje, akalizungusha gari hadi nyuma ya nyumba, akafungua buti. Binti wa betri alikuwa ameukunja waya vizuri na kuufunga kwa utepe, kama kitu cha kuagwa. Bobini alikata utepe kwa meno. Akachomeka upande wa gari, akaupitisha upande wa pili dirishani, juu ya sufuria, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akachomeka kwenye soketi. Taa ya kijani ikawaka kwenye gari. Asilimia sitini. Halikuwa na njaa, lakini lilikula.

Alisikia kigoda kikivutwa.

Mama alikuwa amefika jikoni peke yake. Aliketi dirishani, akachukua waya kwa mkono wake mzima, akauweka mapajani. Mgongo wake ulikuwa umelegea. Pumzi zilikuwa zimetulia. Alimtazama Bobini aliyesimama karibu na soketi, akatabasamu.

"Fundi. Leo umechelewa."

Bobini alifungua mdomo. Mlezi, mlangoni, alitikisa kichwa taratibu, na haikujulikana kama anamkataza au anampa pole.

"Umepishana na mwanangu," mama akaendelea. "Sasa hivi tu. Hukumwona hapo mlangoni?"

"Nimemwona, mama."

"Amekonda, lakini shati lake zuri. Aliniambia anakaa mpaka jioni." Alicheka kidogo, bila uchungu. "Mimi nikamwacha aseme."

Bobini alitazama waya. Ulitoka ukutani, ukapita mapajani mwa mama, ukatoka dirishani hadi kwenye gari. Angeweza kuuchomoa. Angeweza kuzunguka hadi mlango wa mbele, kusimama pale na funguo, na pengine mama angemwita tena kwa lile jina. Na kisha angeanza kuinuka.

"Bado hauna joto," mama alisema.

"Utapata."

"Kaa basi. Unasimama kama mwenye safari."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake. Machungwa yalikuwa bado yametawanyika sebuleni. Mlezi alikwenda kuyaokota, akayaleta kwenye sahani, akaweka kisu. Bobini akaanza kumenya. Nje springi mpya zililiinua gari kwa nyuma, na taa ya kijani ilikuwa ikipepesa. Kwa umeme ule wa kidogo kidogo, tangu sitini hadi kujaa, ingekuwa saa tisa au kumi. Zaidi ya zamani.

"Mimi nina mtoto wa kiume, fundi," mama alisema.

"Mtu wa cherehani."

"Unamjua?"

"Nimesikia habari zake."

"Ukimaliza hapa, ukishuka mjini, mpitie. Mwambie aje tena. Lakini asije na zile funguo."

"Nitamwambia, mama."

Mlezi alitokea na kanga mbili za kupiga pasi begani na pasi mkononi. Aliuona waya dirishani. Akasimama kidogo, kisha akairudisha pasi kabatini, akazikunja zile kanga hivyo hivyo na mikunjo yake.